Kwa nini mtu akishafundishwa akili unde bado anaamini kila jibu?

#1 NyarSeme (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Mimi na wenzangu wawili huwafundisha watu wa kawaida kutumia akili unde (AI), hasa programu kama ChatGPT zinazojibu maswali kwenye simu: kina mama wanaouza omena, vijana wa boda, makatibu wa vyama, wazee wa kanisa. Tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa, kila mtu na simu yake. Tunawaambia waziwazi kwamba kitu hiki hukosea, tena hukosea kwa ufasaha. Wanaandika daftarini, wanauliza maswali mazuri.

Juzi nimekutana na mmoja wao soko la Kibuye. Kuku wake walianza kusinzia na kuharisha kijani. Akauliza programu ya kujibu maswali kwenye simu, akaambiwa ni bakteria, akanunua antibayotiki, akawapa. Hakumuuliza mtu yeyote. Daktari wa mifugo alipokuja kuku wengi walikuwa wamekufa, akasema ni kideri. Kideri ni virusi, hakina dawa ya kukitibu, kina chanjo tu. Nikamwambia, "Mama, si tulikubaliana kwanza uhakikishe?" Akanijibu, "Lakini ilinieleza vizuri sana."

Dai langu ni hili: kumwambia mtu "hakikisha" si kumfundisha kuhakikisha. Anajua kinakosea na bado anakiamini. Kwa nini? Na nyinyi mnaofundisha Nakuru, Kakamega, Bungoma, mnafanyaje?

#2 Fundi_Kondele
Pole kwa huyo mama. Mimi nasema ni elimu. Wateja wanaoniletea simu wanafikiri ndani kuna mtu anayejibu, au kuna kamusi kubwa ya ukweli ambayo mashine inafungua na kusoma. Tangu ChatGPT itoke 2020 hakuna aliyewaeleza inafanyaje kazi. Waelezwe hilo kwanza, mengine yatafuata.

#3 JamaaWaNjoro
Fundi, ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Ya 2020 ilikuwa GPT-3, mtangulizi wake, na mwananchi wa kawaida hakuigusa.

Jinsi inavyofanya kazi, kwa ufupi: imepitishwa kwenye maandishi mengi mno, ikajifunza ni kipande gani cha neno hufuata kipi. Ukiuliza, inakisia kipande kinachofuata, kisha kinachofuata tena, hadi jibu likamilike. Jibu la kweli na jibu la uongo yanatengenezwa kwa njia moja, ndiyo maana lugha yake haitetereki hata pale ilipopotea kabisa. Siku hizi nyingine hutafuta mtandaoni kabla ya kujibu, na hapo angalau unapewa kiungo cha kufungua ukasome mwenyewe. Wengi hawakifungui.

Lakini sikubali kwamba ni elimu. Mwaka 2023 mawakili wa New York, kwenye kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, walipeleka mahakamani hoja zenye kesi za zamani ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ilikuwa imezitunga. Mmoja wao aliiuliza kabisa kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kwamba ni za kweli. Jaji akawatoza dola 5,000. Hao ni watu wenye digrii na maktaba nzima ya sheria karibu nao. Mama wa Kibuye ana kosa gani kuwazidi?

#4 Mkulima_Chwele
Mulembe. Nimesoma kutoka juu na naona mnaongea kana kwamba sisi tuna chaguo.

Afisa wa kilimo anahudumia wakulima wengi mno, ukimpata msimu huu shukuru. Mwenye agroveti atakuuzia dawa aliyo nayo kwenye rafu. Jirani atakwambia alichoambiwa na jirani yake. Simu inanijibu saa tatu usiku, kwa Kiswahili, bila nauli. Mnatuambia tuhakikishe. Tuhakikishe kwa nani? NyarSeme, huyo daktari wa mifugo alifika baada ya siku ngapi? Huyo mama hakuwa mjinga. Alitumia msaada uliokuwa karibu.

Kuhakikisha kuna bei: kuna bando, kuna nauli, kuna siku nzima ya kazi inayopotea. Kwenye mafunzo yenu hiyo bei haitajwi.

#5 OmenaFresh
Mkulima amesema kweli, ila mimi naongeza aibu. Nilikwenda ofisi fulani ya mikopo nikauliza tofauti ya riba inayopungua na riba isiyopungua. Karani akaniangalia juu mpaka chini, akaniambia nisome fomu. Nikatoka nje, nikauliza simu. Ikanieleza, sikuelewa, nikauliza tena, ikanieleza kwa mfano wa kukopa elfu kumi, nikaelewa. Haikunicheka. Haikunikatiza. Unafikiri kesho nitamwamini nani, karani au simu?

Na kwa taarifa, jibu lile lilikuwa sahihi. Nililipeleka kwa mweka hazina wa chama chetu akalipitia.

#6 JamaaWaNjoro
OmenaFresh, kumbe wewe ulihakikisha! Ulimpelekea mweka hazina. Nani alikufundisha?

#7 OmenaFresh
Hakuna aliyenifundisha. Ni pesa yangu bana.

#8 KijanaWaBondeni (Nakuru)
Mimi nina maelezo mengine. Tumekuwa na M-Pesa tangu 2007. Ujumbe ukiingia unasema umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, saa ngapi, salio lako ni hili, na huwa hivyo hivyo mpaka shilingi ya mwisho. Bibi yangu hawezi kusoma gazeti lakini ujumbe wa M-Pesa anausoma. Kizazi kizima kimezoea kwamba kilichoandikwa na mashine kwenye simu ni hesabu iliyokwishapigwa, si maoni. Sasa akili unde imekuja kwenye simu ileile, kwa maandishi yaleyale, ikarithi imani ambayo haikuifanyia kazi. Mtu hafikirii kwamba kuna mashine inayohesabu na mashine inayokisia. Kwake zote ni simu.

#9 Fundi_Kondele
Bondeni leo umeamka umevaa joho la profesa wa Egerton 😀 Hoja nzuri, ila ina tundu. Ujumbe feki wa M-Pesa uko kila siku. Nenda Kibuye ujaribu kuondoka na gunia baada ya kuonyesha ujumbe tu. Hakuna mama atakayekuachia mzigo kabla hajaangalia salio lake mwenyewe. Kwa hiyo watu hao hao wamejifunza kutoamini maandishi ya simu, na hakuna semina iliyowafundisha.

#10 NyarSeme
Fundi, hapo umenipa kitu cha kufikiria. Kweli hakuna aliyewaandikia "hakikisha" ubaoni. Lakini tazama tofauti. Ujumbe feki unajulikana papo hapo: salio limeongezeka au halijaongezeka. Dawa ya kuku inajulikana kuwa si yenyewe baada ya siku tatu, na hata hapo mtu anaweza kusema kuku walikuwa wamechelewa kutibiwa. Ushauri wa mbolea utaujua wakati wa kuvuna, na mvua nayo itakuwa imeingia kati. Mtu hujifunza kuhakikisha pale ambapo kosa linajitokeza haraka na linaonekana lilikotoka.

@Mkulima_Chwele, alifika siku ya nne. Nakubaliana nawe kuhusu bei. Sikubali kwamba tunyamaze.

#11 MwalimuLuanda
Nafundisha sekondari msingi, Vihiga. Mimi sianzi na onyo. Naanza na kitu ambacho darasa linakijua kuliko mashine.

Muhula huu niliwaambia waulize kuhusu lile Jiwe Linalolia la Ilesi. Wengi wamepita pale, wengine wana shangazi anayekaa karibu. Mashine ikajibu kwa aya nne nzuri kabisa. Ikaliweka jiwe Kaunti ya Vihiga badala ya Kakamega. Ikataja jina la mzee aliyeligundua na mwaka alioligundua, kana kwamba watu wa Ilesi walikuwa hawalioni siku zote. Darasa likalipuka! Wakaanza kupigia mstari: hili si kweli, hili ni kweli, hili hatujui. Baadaye nikawapa swali la somo ambalo hawalijui, nikawaambia, "Ni mashine ileile, lugha ni ileile. Sasa mtajuaje mstari upi wa kupigia?" Darasa zima lilinyamaza. Nadhani wengi walielewa wakati ule kuliko ambavyo ningehubiri muhula mzima.

Kwa hiyo NyarSeme, kina mama wako wasianze na ugonjwa wa kuku. Waanze na omena.

#12 Shemeji_Kakamega
Mwalimu asante, ila jiwe ni letu, msituchukulie hata kwa kusaidiwa na mashine 😂

#13 MwalimuLuanda
Shemeji, mimi ndiye niliyewasahihisha! Nipe shukrani yangu.

#14 Busia_Mpakani
Mbona hamtaji programu ya simu ya Nuru? Huku kwetu wakulima wanaitumia, inajibu maswali yote ya shamba, na haihitaji bando. Mkulima wa Chwele apakue hiyo, shida yake imeisha.

#15 Mkulima_Chwele
Ndugu yangu wa Busia, usiwape watu matumaini yasiyokuwapo. Nuru naijua. Imetengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo. Haijibu maswali yote. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakuambia kama inaona ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Kwenye mahindi wakaiongezea kutambua uharibifu wa viwavijeshi. Inazungumza Kiswahili na inafanya kazi bila mtandao, hapo uko sahihi. Lakini ukiielekeza kwenye kuku haina la kukuambia.

#16 JamaaWaNjoro
Na hiyo kwangu ndiyo sifa yake. Ilifundishwa kwa picha za majani yaliyopitiwa na wataalamu, ina kazi chache na inajua mipaka yake. Zile za kujibu kila kitu hazina mpaka, ukiuliza kuhusu kuku zinajibu, ukiuliza kuhusu talaka zinajibu. Tunafundisha watu "akili unde" kana kwamba ni kitu kimoja. Bondeni kwenye #8 ametenganisha mashine ya kuhesabu na ya kukisia. Ongezeni ya tatu, ya kutambua picha. Kila moja ina makosa yake.

#17 MamaAfya_Nyalenda
Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, wale wa mikoba waliozinduliwa 2023. Nimesikitika kusoma habari ya kuku kwa sababu naona hayo hayo kwa binadamu. Mzee wa presha amepunguza vidonge kwa sababu simu ilimwambia tangawizi inasaidia. Ukiangalia vizuri, simu ilimwambia pia aendelee na dawa na amwone daktari. Alisoma sehemu aliyoipenda. Kwa hiyo si mashine pekee inayopotosha. Na sisi husoma tunachotaka.

Ila nisingependa watu watoke hapa wakidhani ni ya kutupwa. Nairobi kuna kliniki za Penda Health ambako mwaka 2025 walitoa utafiti wa karibu ziara 40,000 za wagonjwa kwenye kliniki 15. Mhudumu anaandika anachokiona, mashine inasoma kwa nyuma na kumtahadharisha panapoonekana kosa. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16, ya matibabu asilimia 13. Pale mashine haimjibu mgonjwa. Inamkumbusha mtu aliyesomea.

#18 KijanaWaBondeni
Mama, asante. Tuseme pia kwamba utafiti huo Penda waliufanya pamoja na OpenAI, wenye mashine yenyewe. Sisemi ni uongo. Nasema ni jambo la kukumbuka unaposoma.

#19 MamaAfya_Nyalenda
Sawa mwanangu, nimepokea. Hata hivyo wahudumu waliotumia ni watu halisi na makosa yalihesabiwa na madaktari.

#20 Katibu_Mamboleo
Naomba tuguse jambo ambalo hakuna aliyeligusa: tunachoingiza. Chama kimoja ninachokijua, katibu alipiga picha daftari lote la wanachama, majina, namba za kitambulisho, namba za simu, nani anadaiwa kiasi gani, akaipa mashine imtengenezee hesabu ya mwaka. Hesabu ilitoka safi. Wanachama hawakuulizwa. Siku walipojua, kikao kilivunjika.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kamishna wa Data yupo. Watu wanafikiri sheria hiyo ni ya mabenki. Na hatujifunzi: ni juzi tu, 2022, watu walipiga foleni Nairobi kupigwa picha ya macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kwa elfu kumi.

#21 JamaaWaNjoro
Katibu, ilikuwa Agosti 2023, foleni ya KICC, na zilikuwa sarafu za kidijitali za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha mwezi huohuo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo za miili ya watu zifutwe. Kuhusu daftari la chama nakuunga mkono mia kwa mia. Angeandika Mwanachama 1, Mwanachama 2, angepata hesabu ileile.

#22 OmenaFresh
Mwanachama 1, Mwanachama 2. Hiyo naichukua. Ndiyo aina ya kitu ambacho mtu anaweza kufanya leo bila nauli.

#23 Fundi_Kondele
Na watu wa kwetu ni kati ya waliosaidia kuifundisha ChatGPT. Jarida la TIME liliripoti Januari 2023 kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya kutisha ili kuyawekea alama, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Nikiwaeleza wateja hilo wanashtuka, maana walidhani imeshuka kutoka mbinguni. Nadhani hili nalo lifundishwe. Mtu akijua kwamba nyuma yake kuna watu waliochoka, ataacha kuiona kama nabii.

#24 KijanaWaBondeni
Sasa sauti. Shangazi yangu wa Molo alipigiwa simu, sauti ya mwanawe inalia, yuko kituo cha polisi, atumiwe elfu kumi na tano haraka. Alituma. Kijana alikuwa kazini Gilgil, hana habari. Siku hizi sekunde chache za sauti kutoka kwenye video zinatosha kuigiza mtu.

#25 Fundi_Kondele
Pole sana kwa shangazi. Lakini tuwe waangalifu kusema ni akili unde. Hila hiyo ni ya zamani. Mtu analia, laini ni mbaya, mzazi ana hofu, anasikia sauti ya mwanawe kwa sababu ndiye anayemfikiria. Hakuna haja ya mashine.

#26 KijanaWaBondeni
Alimwita kwa jina la nyumbani, Fundi. Na shangazi anaapa ni sauti yake.

#27 JamaaWaNjoro
Inaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na kinga ni moja: kata, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba uliyoihifadhi. Familia nyingine zimepanga neno la siri. Wala tusiwaone wazee kuwa dhaifu. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, Hong Kong, alihamisha takriban dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambamo mkuu wa fedha na wenzake wengine walikuwa wameigizwa.

#28 Shemeji_Kakamega
Serikali iko wapi kwenye haya yote? Machi 2025 walizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde, 2025 hadi 2030. Finland, Chuo Kikuu cha Helsinki kilianzisha kozi ya bure kwa raia wote tangu 2018, lengo la mwanzo likiwa kufikia asilimia 1 ya watu wao. Sisi tunategemea ukumbi wa kanisa wa NyarSeme.

#29 Mkulima_Chwele
Shemeji, kozi ya mtandaoni inamfikia mwenye bando na mwenye muda. Mimi baraza la chifu linanifaa zaidi, au siku ya soko. Tena kwa Lubukusu. Nikiiuliza mashine kwa Lubukusu inanijibu kitu ambacho nusu ni Kiswahili na nusu sijui ni cha wapi.

#30 NyarSeme
Kwa Dholuo inajitahidi kidogo, ila inachanganya. Maandishi ya lugha zetu ni machache mtandaoni, haikupata pa kujifunzia. Kuna Masakhane, watafiti wa Afrika wanaoshughulikia lugha zetu tangu 2019, na wanahitaji watu wa kuwaunga mkono.

Nimesoma kila mchango. Jumamosi tutaanza na omena kama alivyosema MwalimuLuanda. Tutauliza mashine omena huanikwa vipi, nzuri inajulikanaje na yenye mchanga inajulikanaje, halafu kina mama wapigie mstari. Kisha Mwanachama 1 na Mwanachama 2. Jibu la Mkulima kwenye #4 sina bado. Nitamwomba daktari wa mifugo wa wadi aje tukubaliane ni maswali gani apigiwe simu yeye, hata kama ni usiku.

#31 Mkulima_Chwele
Akikubali kupigiwa usiku uniambie, nihamie Kisumu.

#32 MamaAfya_Nyalenda
Swali moja kabla hatujalala. Hayo ya kupigia mstari ni ya anayesoma. Mama mkwe wangu hasomi. Anabonyeza, anazungumza, simu inamjibu kwa sauti. Hana aya ya kurudia, hana kiungo cha kufungua. Akisikia ameshasikia. Yeye anahakikishaje?

#33 MwalimuLuanda
Aulize mara mbili, kwa maneno tofauti, siku tofauti. Majibu yakigongana ajue kuna shida.

#34 JamaaWaNjoro
Mwalimu, inaweza kukosea vilevile mara zote mbili. Majibu kufanana si ushahidi.

#35 OmenaFresh
Basi asiulize peke yake. Asikilize na mtu, mjukuu au jirani. Sisi sokoni jibu likisomwa kwa sauti, watu watatu wanalipinga kabla halijaisha.

#36 KijanaWaBondeni
Na mambo ambayo mtu hataki jirani ayasikie? Ndiyo hayo hayo anayoiuliza simu.

#37 MamaAfya_Nyalenda
Hapo Bondeni amenigusa, kwa sababu ndiyo maswali ninayokuta nyumbani kwa watu. NyarSeme, Jumamosi nitakuja naye. Mnaanza saa ngapi?

#38 NyarSeme
Saa nne asubuhi. Karibuni sana. Atakaa mbele karibu nami, na swali lake tutalianza kabla ya omena.